Matairi Manne ya Darini

Vijana, tuelewane mapema. Mimi ni fundi matairi mstaafu, si mganga. Mnakuja hapa kwangu Same, mnaegesha vigari vyenu vilivyokaa chini hadi kuku akitaka kupita inabidi ainame, mnaniamkia shikamoo mara mbili mbili, kisha mnauliza swali lile lile: "Mzee Yonazi, tairi gani litanipeleka kazini Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi linifae kwenye koni?" Na mnataka jibu la neno moja. La neno moja sina. Nililonalo ni refu, lilinigharimu aibu mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo mtalisikia lote. Kaeni hapo kwenye benchi. Atakayeangalia simu nitamtoa upepo.

Kama kuna mgeni asiyejua koni, nimweleze. Kuna yadi ya zege ya kiwanda cha mkonge kilichokufa, huku chini tambarare. Mara moja kwa mwezi vijana wa hapa na wa Moshi wanapanga humo koni za plastiki, zile za barabarani, na gari moja moja linapita katikati yake kwa kasi, kushoto, kulia, linazunguka, linarudi. Anayemaliza haraka bila kuangusha koni ndiye mshindi. Mara ya kwanza kuona mchezo huo nilidhani ni mtihani wa leseni uliotungwa na mtu mwenye hasira.

Mimi sikukulia kwenye magari ya namna hiyo. Nilikulia kwenye magari ya tangawizi. Gari la tangawizi likishuka kutoka Mamba limebeba magunia, na juu ya magunia watu, na juu ya watu kuku, tairi lake unalijaza upepo mpaka linalia ukiligonga. Mkono wangu ukazoea hivyo. Siku moja akaja mchungaji na kigari chake kidogo cha kuendea ibada, nami nikakijaza upepo wa tangawizi. Alipanda nacho mpaka Suji meno yakigongana njia nzima, na Jumapili ile akahubiri juu ya mateso ya Ayubu. Waumini walisema hajawahi kuhubiri vizuri kiasi kile. Hakurudi tena kwangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbazi, marehemu sasa, mwenye banda la kwanza la pancha ninalolikumbuka katika barabara kuu yote hii ya kwetu. Hakuwa mtu wa kugomba. Kuna siku nilifunga matairi yenye mshale ubavuni, yale yanayotaka kuzunguka upande mmoja tu, nikayafunga yote manne mishale ikitazama nyuma. Mzee Mbazi akalizunguka gari pole pole, mikono mgongoni, akaniuliza, "Yonazi, huyu mteja anakwenda Dar es Salaam kwa rivasi?" Basi. Hakuongeza neno. Ningeona afadhali anipige kofi.

Alinifundisha mambo matatu ambayo nawapa bure. La kwanza ni upepo. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, si maelekezo. Maelekezo yako kwenye kibandiko pale unapofungua mlango wa dereva. Nyie wengi mnasoma ubavu na kujaza mpaka mwisho, halafu mnalaumu barabara.

La pili ni umri. Tairi lina tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. La tatu ni ukucha. Bonyeza ukucha wa gumba kwenye mpira. Ukiingia kidogo kisha alama ikatoweka, mpira uko hai. Ukikataa kuingia, huo ni ubao uliopakwa rangi nyeusi. Mzee Mbazi alifuga ukucha mrefu wa gumba kwa kazi hiyo tu, na mkewe aliuchukia mpaka kesho.

Sasa nije kwa Nakundwa. Huyu ni mtoto wa kaka yangu Zebedayo, anafundisha fizikia sekondari kule Lembeni. Alijinyima miaka sita akanunua kigari chekundu cha viti viwili, chenye sauti ya mtu mwenye mafua, akawa anakwenda nacho shuleni asubuhi na kurudi jioni. Ukoo haukumwelewa. Baba yake alisema gari lisiloweza kubeba gunia moja la mahindi si gari, ni koti la bati. Shangazi zake waliuliza mume atakaa wapi, na watoto watakaa wapi, na mama mkwe akija. Nakundwa akajibu kwamba mume atakaa kushoto kwake na wengine watapanda basi. Wakasema mtoto ameharibika.

Lakini kwenye koni alikuwa moto. Hata kwa matairi yaliyokuja na gari, yaliyokaribia kuwa kipara, alishika nafasi ya tatu mbele ya vijana wa Moshi wenye kofia za mashindano na glavu. Ndipo akanijia bandani, mwaka wangu wa mwisho wa kazi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hilo koti lako linasemaje?"

"Linataka viatu. Nataka matairi ya seti moja, ya kazi mbili. Lembeni na koni."

Hapo nikampa darasa, na darasa lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kulikana hata leo. Nikamwambia: tairi laini linashika, lakini linaisha. Gumu linadumu, lakini linateleza. Ubavuni kuna namba inayokuambia mpira utaisha haraka kiasi gani. Ikiwa mia mbili au chini yake, hilo ni la koni kweli kweli, linaishika zege kwa kucha, na barabarani linaokota kila kokoto kutoka hapa mpaka Lembeni. Muhula wa pili halifiki. Ikiwa mia tano na zaidi, hilo litakuzika wewe na bado litakuwa na kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara. Nikamwambia atazame mifereji: tairi la mashindano lina mifereji michache, na mvua ya ghafla ikishuka kutoka mlimani unaelea juu ya maji na mkono haukusaidii. Nikamwambia asitake ubavu mfupi mno, maana mashimo yetu hayasomi magazeti ya magari. Nikamalizia: "Siku tano unakwenda kazini na siku moja unacheza. Chagua kwa zile tano kwanza, halafu ile moja uitafutie nafasi humo humo."

Akayaandika kwenye daftari, mwalimu wa fizikia, neno kwa neno. Mimi kifua kikajaa. Na hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, nimwagizie tairi la katikati kutoka Moshi, tuishie pale. Badala yake nikasema, "Tena usiagize. Ninayo. Saizi yako hasa. Mapya."

Nilikuwa nayo kweli. Zamani, aliwahi kuishi hapa mhandisi wa barabara, mgeni, mwenye gari la namna hiyo hiyo. Aliniagiza matairi manne ya bei mbaya, na kabla hayajafika akahamishwa. Akanipigia simu akasema kaa nayo, ni zawadi. Vijana, hamjui nilivyojisikia. Sijawahi kushika mpira mzuri vile. Bandani kulikuwa na jua, na panya, na watu wa kuazima. Kwa hiyo niliyapandisha Suji kwa mama yangu, nikayaweka jikoni kwake, darini, juu ya meko, kando ya mbegu ya mahindi.

Msicheke. Kwetu kitu cha thamani kinatunzwa moshini. Mbegu ikikaa juu ya meko haishikwi na mdudu, inasubiri mvua ya mwakani na inaota yote. Mtungi, mpini wa jembe, kibuyu, vyote vinapita moshini na vinadumu. Mimi nikaona tairi ni mali, na mali ni moshini. Kila Krismasi nilikuwa napanda ngazi, nayapangusa kwa kitambaa, nashuka nimefurahi. Mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye kigoda chake. "Yonazi," aliniambia Krismasi moja, "mbegu inawekwa ipandwe. Hayo yako unayafuga?"

Najua mnataka kuuliza habari za tarakimu nne. Nilizijua. Miaka yote nimewakatalia watu matairi kwa tarakimu hizo, nimemfukuza hapa dereva wa basi kwa tarakimu hizo, mbele ya abiria wake. Lakini nilijiambia tairi lisilotembea halizeeki, na lililokaa moshini ndiyo kabisa. Sheria ya Mzee Mbazi niliishika sana kwa matairi ya watu wengine.

Nikayateremsha. Yalikuwa yanang'aa, kashata zimesimama wima, na yananuka moshi na maharage. Sikubonyeza ukucha. Mtu habonyezi ukucha kwenye zawadi anayoitoa mwenyewe. Na kuna jambo lingine, nitalisema kwa sababu nimeamua kusema yote: tarakimu zile huandikwa upande mmoja tu wa tairi. Nilipoyafunga kwenye rimu, upande ule niliuelekeza ndani, chini ya gari, yote manne. Sikukaa nikapanga kufanya hivyo. Mkono ulifanya, nami nikaangalia pembeni.

"Baba mdogo, haya ni mapya kabisa!" Nakundwa akanikumbatia mbele ya wateja.

"Hayajawahi kukanyaga ardhi," nikasema, na huo haukuwa uongo.

Gari likaondoka likinuka makande. Watu bandani wakanisifu, nami nikawahadithia mara ya pili jinsi ya kuchagua tairi.

Jumamosi yake nilikwenda kwenye koni nimevaa koti la kanisani, nimekaa mstari wa mbele. Nakundwa akaondoka vizuri. Kona ya kwanza, gari likaendelea kwenda mbele kama halikuambiwa kitu, kisha nyuma ikapita mbele, likazunguka na kusimama likitutazama sisi watazamaji. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni mbwembwe. Akarudia. Safari hii aliangusha koni kumi na moja, na ya kumi na moja ilikuwa ile aliyoikalia mtangazaji. Kijana wa Moshi mwenye glavu akamwambia, "Pole, mwalimu, siku nyingine haziendi." Nakundwa akacheka, lakini mimi nilimwona akikunja na kukunjua vidole vyake.

Jumatatu ikanyesha manyunyu Lembeni, yale yanayolowesha lami tu bila kuiosha. Kwenye kona ya kuingilia shule gari likateleza likatoka barabarani, likasimama kwenye majani limegeuka linatazama Same, na kidato cha pili chote kiko mstarini kinaangalia. Hakuumia mtu. Kufika saa sita baba yake alishajua, na kufika saa nane shangazi wa Mamba walishajua, na kwa toleo la kule Mamba gari lilikuwa limeshapinduka mara tatu.

Jioni ile alilileta kwangu taratibu. Akakaa kwenye ndoo, akasema, "Baba mdogo, nimelipigia hesabu zangu zote. Gari limekaguliwa. Breki nzima. Matairi mapya, umeyafunga wewe mwenyewe. Kilichobaki ni mimi. Nadhani ile nafasi ya tatu nilibahatisha."

Nilisema, "Liache hapa nilitazame. Pumzika kidogo, mwanangu." Akaenda zake. Nikainua gari kwa jeki, nikaingia chini, nikasoma tarakimu. Wanafunzi wake wa kidato cha kwanza walikuwa wadogo kuliko matairi yale. Nikabonyeza ukucha. Nikabonyeza tena, mahali pengine. Ukucha haukuingia. Ule moshi wote wa mama yangu, na ule moto wa meko miaka na miaka chini yake, ulikuwa umeukausha mpira ukawa mfupa. Mbegu inataka kukauka. Mpira hautaki.

Mnajua fundi mwaminifu angefanya nini. Angesimama na kumfuata. Mimi nilifunika gari turubai. Angalau gari nililizuia, hilo nililifanya, Nakundwa akawa anakwenda Lembeni kwa basi. Lakini mdomo niliufunga siku sita. Nilikuwa nastaafu mwezi ule. Walikuwa wananiandalia sherehe, na kwenye bango walikuwa wameniandika fundi asiyekosea. Nikapata wazo la kuagiza matairi mapya ya kashata zile zile, nibadilishe kimya kimya, gari lipone kwa muujiza. Nikampigia muuzaji Moshi, nikamtajia jina la tairi. Akacheka mpaka akaita wenzake waje wasikie. "Mzee, hilo liliacha kutengenezwa zamani. Umelipata wapi, makumbusho?"

Na kila jioni Nakundwa alipita kutoka kituo cha basi. "Shikamoo, baba mdogo. Umeona kitu?" Nami kila jioni nilisema, "Bado natazama."

Jumapili, baada ya ibada, Zebedayo akaitisha kikao cha ukoo nyumbani kwake kuhusu gari. Nyie mnatujua Wapare. Kwetu kuku akila mahindi ya jirani anapata wakili. Kulikuwa na mwenyekiti, na mwandishi, na ajenda tatu, na mama yangu aliyeteremshwa kutoka Suji akiwa amevaa sweta mbili kwenye joto la Same, kwa kuwa hakuna kikao anachokubali kukosa. Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mnunuzi wa Moshi angekuja Jumatatu kulichukua gari. Kilichotakiwa ni Nakundwa akubali tu.

Akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kwaya. Akasema, "Nimekubali liuzwe. Nilidhani najua kuendesha. Nimeshaondoa jina langu kwenye koni pia. Samahani kwa kuwatia hofu." Akakaa, akawa anatazama viganja vyake.

Nikasimama. Nikakohoa. Naomba niwe mkweli kwenu: nilikuwa naelekea kukaa tena. Ila mama yangu, ambaye sikio lake moja halifanyi kazi na jingine linafanya kazi ya nusu siku, akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Yonazi! Yale matairi yako ya darini uliyapeleka wapi? Tangu uyatoe, panya wamehamia pale!"

Mwandishi akauliza kama hilo liingie kwenye kumbukumbu.

"Mama," nikasema, "yako kwenye gari la Nakundwa."

Na baada ya hapo nikasema yote, moshi, tarakimu, upande wa ndani, ukucha, turubai, siku sita. Sikuacha kitu. Zebedayo alinyanyuka akakaa, akanyanyuka akakaa. Mwenyekiti akaamuru kielelezo kiletwe, tukaenda bandani kulifungua tairi moja, tukalileta na kulibingirisha mpaka katikati ya sebule, na wazee wote wakapita mmoja mmoja kulibonyeza ukucha. Mjomba mmoja ukucha wake ukavunjika, akadai fidia hapo hapo. Ikawa ajenda ya nne. Kisha wakaanza kujadili faini yangu: mbuzi, na soda kreti mbili. Wakabishana mbuzi awe dume au jike, na kama nyanya mzaa baba anahesabiwa katika mgawo wa soda. Watu walianza kucheka, hata Zebedayo. Nami nikaanza kupumua, nikaona nimeponea kwa mbuzi.

Nakundwa hakuwa amecheka. Akasimama tena.

"Baba mdogo, tairi bovu ningekusamehe leo hii. Ulinipenda ukanipa kitu ulichokipenda, ukakosea. Lakini siku sita. Nimekuja kwako kila jioni nakuamkia, unanitazama usoni, unaniacha niamini mikono yangu ni mibovu. Nimesimama darasani na mikono hii nikiogopa hata kuandika ubaoni."

Mimi niliangalia sakafu. Nimewahi kuangukiwa na tairi la lori mguuni, na nilipiga kelele. Pale sikuweza hata kupiga kelele.

"Mbuzi simtaki," akasema. "Gari haliuzwi. Nataka matairi mengine, nitayachagua mimi. Na kabla hayajafungwa, nataka apande na mimi mzunguko mmoja kwenye koni, na haya haya ya darini."

Mwenyekiti akapitisha. Mjomba wa ukucha alipinga, kwa sababu ya mbuzi.

Kwa hiyo hapa ndipo penye jibu lenu, na jibu si langu, ni la Nakundwa. Tulikwenda naye Moshi na nilikaa kimya, kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kusoma tarakimu kwa sauti. Alikataa matairi ya mia mbili, mazuri kweli, kwa sababu ya Lembeni na manyunyu yake. Alikataa ya mia tano kwa sababu ya koni. Akachukua ya mia tatu, ya gari la kasi, yenye mifereji mipana mitatu inayozunguka tairi zima, ubavu wa wastani, ya mwaka ule ule. Akayabonyeza ukucha yote manne, kila moja mahali patatu, muuzaji akitazama saa. Kwa koni alijifunza kupaka chokaa kwenye bega la tairi, pale kashata zinapokutana na ubavu. Ukimaliza mzunguko unatazama chokaa imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka ubavuni, tairi linalala sana, ongeza upepo kidogo. Ikibaki yote, punguza. Halafu kabla ya kurudi nyumbani unarudisha upepo wa kibandiko cha mlangoni, maana Jumatatu haijali ulishinda. Matairi hayo amekaa nayo misimu miwili na nyie wenyewe mnajua anavyowapita, kwa hiyo sitaendelea.

Ila kabla ya hayo kulikuwa na Jumamosi yangu. Mapya yalikuwa yamelazwa kando ya uzio, kwenye rimu nyingine, yanangoja. Watu walijaa kuliko siku ya mashindano; ukoo wote ulikuja, na mjomba alikuja ukucha umefungwa bandeji. Nakundwa akanifunga mkanda, akaukaza mpaka tumbo likagawanyika mara mbili. Mimi, vijana, niliyafunga matairi maisha yangu yote nikiwa nje ya gari. Nayainua, nayafunga, nayapiga teke, mteja anaondoka. Yakishapita kona ile pale sikuwa najua yanafanya nini.

Tukaondoka. Nilianza zaburi ya ishirini na tatu na sikufika bondeni. Koni ya kwanza ilikuja haraka kuliko ninavyoweza kusimulia, nami nilikuwa nimeagizwa kitu kimoja tu, nitazame mikono yake. Nikatazama. Ilikuwa imetulia. Iliugeuza usukani mapema, pole pole, sawasawa, kama mtu anayemimina maziwa asiyamwage. Sijaona mikono mizuri vile kwenye usukani. Na gari halikuisikiliza. Liliendelea mbele, likajitupa pembeni, mikono ikalifuata, ikalibembeleza, ikafanya kila kilicho sahihi, na chini yetu mfupa ulikuwa unateleza tu juu ya zege. Tukazunguka mara mbili. Nilipiga kelele ambazo mama yangu alizisikia kwa sikio bovu. Kisha tukasimama, vumbi limetufunika, koni moja imenasa chini ya mlango wangu.

Nakundwa alizima injini. Mikono yake ilibaki pale pale kwenye usukani.

"Ulikuwa unatazama?"

"Nilikuwa natazama."

"Ni mikono?"

Nililia, sitawaficha. "Si mikono, mwanangu. Ni mimi."

Kisha akanyoosha mkono, akanifungulia mkanda. "Haya, baba mdogo. Shuka ukayatoe."